Jasho la Tuta

Asubuhi na mapema, kabla ng'ombe hawajaletwa kunywa, mzee aliyekuwa akilinda lambo la kijijini kwetu alikuwa na kazi moja ambayo sisi watoto hatukuielewa. Alishuka upande wa nyuma wa tuta, ule usio na maji, mpaka chini kabisa ambako majani yalikuwa mabichi hata kiangazi. Hapo palitoka kijimfereji chembamba, unene wa kidole hivi. Alikinga chupa nyeupe ya kioo, akaijaza, akaiinua kuelekea jua na kuitazama kwa muda. Kisha akayamwaga yale maji na kuondoka zake.

Siku moja nikamfuata. "Shikamoo babu. Mbona unayatazama maji halafu unayamwaga?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nayasoma. Yakiwa meupe kama ya mtungini, narudi kunywa uji. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, siku hiyo hakuna uji. Napiga mbiu."

Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba jibu lile lilibeba sehemu kubwa ya sayansi ya mabwawa ya udongo. Nataka kulifafanua hapa taratibu, tangu mzizi wake, kisha nilitumie kusoma habari ya bwawa moja la starehe huko Pennsylvania, Marekani, ambalo mwaka 1889 liliua watu 2,209 katika alasiri moja.

Tuanze na swali ambalo mtoto angeuliza. Udongo ni laini: kuku anaufukua, mvua inauchora mifereji, jembe linaukata. Maji yanachimba mabonde na kubeba mawe. Iweje basi lundo la udongo lisimame mbele ya ziwa zima kwa miaka 50 au 100?

Jambo la kwanza ni kujua maji yanasukuma kwa nguvu kiasi gani. Wengi hudhani ziwa refu linasukuma kuliko ziwa fupi. Sivyo. Funga macho uwaze tenki la maji la plastiki lenye kimo cha mita 2. Bomba la chini linarusha maji kwa nguvu fulani. Sasa waza tenki lenye kimo kilekile lakini pana kama uwanja wa mpira. Bomba la chini litarusha maji vilevile, bila tofauti hata kidogo. Kila tone la chini limebebeshwa maji yaliyo juu ya kichwa chake tu. Yale yaliyo mbali yamebebwa na sakafu yao wenyewe. Kwa hiyo tuta halijui kama nyuma yake kuna ziwa la kilomita 3 au dimbwi la hatua 30. Linajua kina tu.

Na kina kinahesabika kirahisi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Ukizama mita 1, kila mita ya mraba inabanwa na tani 1. Ukizama mita 20, tani 20. Kwa kuwa juu kabisa msukumo ni sifuri na chini kabisa ni tani 20, wastani wake ni tani 10. Zidisha kwa kimo cha mita 20: kila mita moja ya urefu wa tuta inasukumwa na tani 200.

Zinatisha, lakini tuupime udongo nao. Tuta la kimo cha mita 20 halijengwi kama ukuta. Linalazwa pande zote mbili, kwa kawaida hatua mbili za kwenda mbele kwa kila hatua moja ya kupanda. Likiwa na njia ya mita 4 juu, kitako chake kitakuwa na upana wa mita 84. Kipande cha mita moja ya tuta hilo kina mita za ujazo 880 za udongo, na udongo ulioshindiliwa una uzito wa karibu tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo. Jumla ni kama tani 1,600. Tani 200 zinasukuma tani 1,600 zilizokaa chini kwa upana wa nyumba kadhaa zilizopangana. Hata ukiondoa sehemu ya uzito huo kwa sababu maji yaliyopenya ndani huufanya udongo uwe kama unaelea, bado tuta lina akiba kubwa.

Kwa hiyo ukisikia kwamba bwawa la udongo limesukumwa likaanguka, usikubali haraka. Mara nyingi sana haliangushwi, linaliwa. Linaliwa kutoka ndani, au linaliwa kutoka juu. Njia hizo mbili ndizo za kuzielewa.

Njia ya ndani inaanzia kwenye ukweli ambao wengi huukataa wakiusikia mara ya kwanza: kila tuta la udongo linavuja. Lililojengwa vizuri, lililojengwa vibaya, la serikali na la mtu binafsi, yote yanavuja. Mtungi wa udongo ukiutia maji jioni, asubuhi unaukuta umelowa nje, na hakuna anayesema mtungi umepasuka. Tunasema unatoa jasho, tena tunaupenda kwa sababu jasho hilo ndilo linalopoza maji. Tuta nalo hutoa jasho. Maji huingia upande wa ziwa, yakapenya kati ya chembe na chembe, yakashuka polepole ndani ya mwili wa tuta, na kutokea upande wa pili, chini. Yale majani mabichi ya kiangazi nyuma ya lambo letu yalikuwa yakinywa jasho hilo.

Aliyeupima mwendo huu kwa mara ya kwanza na kuuandikia kanuni ni Henry Darcy, mhandisi Mfaransa wa mji wa Dijon, katika kitabu alichokitoa mwaka 1856. Alijaza mchanga katika mtungi mrefu wa chuma, akapitisha maji, akapima. Aligundua kwamba kasi ya maji inategemea mambo mawili: maji yameshuka kwa kiasi gani ukilinganisha na urefu wa njia yaliyopita, na mchanga wenyewe ni wa aina gani. Ukirefusha njia mara mbili, mwendo unapungua nusu. Hapo ndipo ilipo siri ya kitako cha mita 84. Upana ule haupo kwa ajili ya uzito peke yake. Unayarefushia maji safari.

Aina ya udongo nayo ina nguvu ya ajabu. Unaweza kujaribu jikoni. Kata chupa mbili za plastiki katikati, zigeuze midomo chini, ziba midomo kwa kitambaa. Moja itie mchanga wa mtoni, nyingine mfinyanzi uliokandwa kama wa kutengenezea chungu, kisha mimina maji juu ya zote mbili. Ya mchanga itaanza kudondoka kabla hujaweka jagi chini. Ya mfinyanzi unaweza kulala, ukaamka, ukakuta maji bado yamekaa juu. Baina ya mchanga wa kawaida na mfinyanzi mzuri, mwendo wa maji unaweza kutofautiana mara 100,000. Ndiyo maana wajenzi huweka mfinyanzi katikati ya tuta kama moyo, na udongo mzito wa mawe na changarawe pembeni kama misuli. Moyo unachelewesha maji, misuli inaushikilia moyo usiporomoke.

Lakini mfinyanzi lazima ushindiliwe, na hapa waliowahi kukandika nyumba ya miti wanajua zaidi ya wanavyodhani. Udongo mkavu mno hausikii kupigwa. Mabonge yanabaki mabonge na nafasi katikati. Uliolowa mno unakwepa kila unapougonga. Kuna hali ya katikati, ukiufumba mkononi unakaa kama andazi bila kuchafua kiganja, na hapo ndipo unakubali kubanwa. Ralph Proctor, mhandisi wa maji huko Los Angeles, aliipa hali hiyo kipimo rasmi mwaka 1933, na mpaka leo maabara za barabara na mabwawa duniani kote zinatumia jina lake. Udongo huwekwa kwa tabaka nyembamba, linashindiliwa moja, linafuata jingine. Ukimwaga malori ya udongo mpaka juu halafu ukapitisha mashine mara moja, umejenga kichuguu.

Sasa turudi kwenye chupa ya babu. Maji yanayopita kati ya chembe yanazivuta. Zikiwa katikati ya tuta, haziwezi kwenda popote kwa sababu mbele yake kuna chembe nyingine. Mahali pekee ambapo chembe ina uhuru wa kuondoka ni pale maji yanapotokeza nje. Chembe ya kwanza ikiondoka, ya nyuma yake inabaki wazi, nayo inaondoka. Tundu linakua kurudi nyuma, kutoka upande mkavu kuelekea ziwani, na kadiri linavyorefuka, njia ya maji inafupika. Darcy ametuambia tayari: njia ikifupika, kasi inapanda. Kasi ikipanda, chembe nyingi zaidi zinang'olewa. Ni mduara unaojilisha wenyewe. Siku tundu linapolifikia ziwa, bomba limekamilika, na hakuna anayeweza kulifunga tena.

Dalili ya yote haya, tangu chembe ya kwanza, ni rangi. Jasho la kawaida ni maji matupu, meupe. Maji yenye rangi ya chai ya maziwa ni tuta lenyewe linalotoka nje, chembe kwa chembe. Babu hakuwa akipima maji. Alikuwa akipima kama tuta lipo lote.

Hapa kuna kosa ambalo watu wema hulifanya kwa nia njema kabisa, na methali yetu inawasukuma kulifanya: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wanaona maji machafu yanachomoza nyuma ya tuta, wanakimbilia kuyaziba kwa mfinyanzi au saruji. Kwa ukuta wa nyumba methali ni sahihi. Kwa tuta la udongo ni hatari, kwa sababu ukiziba mdomo, maji yaliyomo ndani hayana pa kwenda. Msukumo wake unapanda mpaka yatafute mdomo mwingine, pengine mpana zaidi. Kinachotakiwa ni kuyaacha maji yatoke na kuuzuia udongo usitoke, kama chujio linavyoyaachia maji ya chai na kuyazuia majani. Unarundika mchanga kwanza, juu yake changarawe, juu yake mawe. Mchanga unazuia chembe za tuta, changarawe inazuia mchanga, mawe yanaikandamiza changarawe, na maji yanapita katikati ya yote. Karl Terzaghi, Mwaustria anayehesabiwa kuwa baba wa umekanika wa udongo, ndiye aliyeweka kanuni ya ukubwa wa chembe katika chujio la namna hiyo. Mabwawa mapya hujengewa chujio hilo ndani tangu mwanzo. Ya zamani mengi hayana.

Na tuta la zamani lina njia nyingine za kufupisha safari ya maji. Mti uliokua juu yake hupeleka mizizi ndani. Ukikatwa, mizizi huoza na kuacha mirija mitupu. Fuko huchimba, nungunungu huchimba. Mchwa wa kwetu ni hatari kuliko wote kwa kuwa njia zake hazionekani. Ng'ombe wanaopita mahali pamoja kila siku huchimba mfereji kwa kwato. Na sehemu tete kuliko zote ni pale bomba la kutolea maji linapopita chini ya tuta, maana ni vigumu kuushindilia udongo ukashikamana vizuri na ubavu wa bomba. Maji hufuata mkondo, na hapo hukuta mkondo ulio tayari.

Kutoka hapo tunaweza kwenda Pennsylvania.

Bwawa la South Fork lilijengwa na serikali ya jimbo hilo, likakamilika mwaka 1853 baada ya kazi kusimama miaka kadhaa kwa kukosa fedha. Lilikuwa na kimo cha mita 22 na urefu wa mita 284. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi maji ya kulishia mfereji wa mashua za mizigo kiangazi. Kwa wakati wake lilijengwa kwa akili: upande wa ziwa tabaka za udongo ulioloweshwa na kubanwa, upande wa nyuma mawe, na chini kabisa mabomba matano ya chuma, kila moja na upana wa sentimita 60, ya kuteremshia maji wakati wowote. Pembeni, kwenye mwamba, palichongwa utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada ziwa likijaa.

Lakini reli ilifika karibu wakati uleule, na mashua zikakosa kazi. Bwawa likabaki bila mtumiaji. Mwaka 1862 likabomoka mara ya kwanza, na mahali lilipobomokea hapatushangazi: ni pale karavati la mawe lenye mabomba lilipopita chini ya tuta. Ziwa halikuwa limejaa, kwa hiyo madhara yalikuwa madogo. Pakabaki pengo, na ng'ombe wakalishwa sakafuni mwa ziwa.

Kisha likaanza kuuzwa. Mmiliki mmoja wa katikati aliyang'oa mabomba yale matano na kuyauza kama chuma chakavu. Mwaka 1879 likanunuliwa na Benjamin Ruff, aliyeanzisha klabu ya uvuvi na uwindaji kwa matajiri wa Pittsburgh. Andrew Carnegie alikuwa mwanachama, vilevile Henry Clay Frick na Andrew Mellon. Palijengwa jumba la vyumba 47 kando ya maji na nyumba za mapumziko za mbao. Ziwani kulikuwa na mashua, pamoja na samaki walioletwa kutoka mbali na kupandikizwa. Lile bwawa la kazi likawa bwawa la starehe, na mabadiliko hayo, nadhani, ndiyo kiini cha maafa yote.

Bwawa la umwagiliaji linashushwa kila msimu. Wakulima wanafungua, maji yanapungua, ubavu wa ndani unaonekana, nyufa zinaonekana, na mvua za kwanza zinakuta nafasi ya kukaa. Bwawa la starehe halishuki kamwe. Nani atafurahia gati lililosimama juu ya tope? Hoteli inalitaka limejaa mpaka ukingoni mwaka mzima, ili mashua zielee na picha zipendeze. Kwa hiyo mvua kubwa inapokuja, ziwa halina nafasi hata ya ndoo moja. Kila tone linaloingia lazima litoke siku hiyohiyo. Usalama wote umewekwa mikononi mwa utoro.

Tuhesabu uzito wa jukumu hilo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Tuchukue lambo dogo linalopokea maji ya eneo la kilomita za mraba 10, na mvua ya milimita 100. Hizo ni mita za ujazo 1,000,000. Nusu izame ardhini. Nusu iliyobaki ikishuka kwa saa 6, utoro lazima upitishe mita za ujazo 23 kila sekunde. Ni kama maboza mawili ya maji na zaidi, kila sekunde, kwa saa sita mfululizo. Mtu akikuonyesha utoro wa upana wa mlango, hesabu hiyo inatosha kumjibu.

Kitu kingine kuhusu utoro ni kwamba uwezo wake haukui sawasawa na kina cha maji yanayopita. Kina kikiongezeka, maji huwa mengi na pia huenda kasi. Kina kikiwa maradufu, yanayopita ni karibu mara 2.8. Kinyume chake ni kweli na ni kikatili. Tuseme tuta limezidi sakafu ya utoro kwa mita 3. Ukilipunguza tuta kwa sentimita 90, unaweza kudhani umepoteza chini ya theluthi ya uwezo. Umepoteza asilimia 40 na zaidi.

Klabu ya South Fork ilifanya hasa jambo hilo. Njia iliyopita juu ya tuta ilikuwa nyembamba kwa magari ya farasi ya wageni, nalo tuta kadiri linavyopanda ndivyo linavyokonda. Njia rahisi ya kulipanua ni kulikata kichwa. Wakalikata. Watafiti waliopima upya mahali pale miaka ya karibuni wanakadiria kipande hicho kuwa karibu mita moja. Samaki nao walikuwa wa gharama, na wenye klabu hawakutaka wakimbilie mtoni, kwa hiyo kwenye mdomo wa utoro wakaweka wavu wa chuma. Mabomba ya chini hayakurudishwa. Pengo la 1862 lilijazwa kwa udongo, mawe, matawi, hata majani makavu na samadi, na vitu vinavyooza hushuka. Tuta likabonyea katikati. Mjenzi mwangalifu hufanya kinyume, hulijenga tuta likiwa limeinuka kidogo katikati kama mgongo wa kobe, kwa kujua kwamba pale penye udongo mwingi ndipo patakaposhuka zaidi, na kwamba maji yakilazimika kupita juu, heri yapite pembeni kwenye kimo kidogo.

Kila moja ya mambo haya, ukilitazama peke yake, halina ubaya wa kutisha. Barabara pana. Samaki wasipotee. Chuma kisicho na kazi kiuzwe. Lakini ukijua tuta linavyoishi, unaona kwamba kila starehe ilifunga tundu moja la pumzi. Mwaka 1880 kampuni ya chuma ya mji wa Johnstown, ulioko chini bondeni, ilimtuma John Fulton kulikagua bwawa. Aliandika kwamba halina njia ya kushushia maji na kwamba ukarabati wake haufai. Ruff akajibu kwamba watu wa bondeni hawana cha kuogopa.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua ya usiku kucha, ziwa lilikuwa likipanda mbele ya macho. Wavu wa samaki ulikuwa umezibwa na magogo na matawi. Rais wa klabu, Elias Unger, alikusanya vibarua. Wengine wakajaribu kuondoa takataka kwenye wavu, wengine wakapitisha plau juu ya tuta kuinua udongo kidogo, wengine wakachimba utoro wa pili upande wa pili, wakagonga ardhi ngumu. Mhandisi kijana, John Parke, alipanda farasi kwenda mji wa South Fork kutoa onyo lipelekwe kwa telegramu. Chini huko watu walikuwa wamezoea kusikia kila mwaka kwamba bwawa litapasuka.

Mchana maji yakaanza kupita juu, katikati, pale palipobonyea.

Hapa ndipo ilipo njia ya pili ya tuta kuliwa. Maji yakianguka kimo cha mita 20 bila kuzuiwa, yanafika chini kwa kasi ya kama kilomita 70 kwa saa. Ubavu wenye majani unayapunguza, lakini ukoka mzuri unavumilia mwendo wa kama mita 2 kwa sekunde tu, kisha unachunwa. Shimo la kwanza huchimbika chini, kwenye ubavu wa nyuma. Ukingo wa shimo hilo unakuwa ngazi, maji yanaruka ngazi na kuchimba kitako chake, ngazi inaporomoka na kurudi nyuma kuelekea juu. Ngazi inapofika kileleni, tuta linashuka kimo, na lile la mara 2.8 linaanza kufanya kazi upande wa uharibifu: kina kimeongezeka, maji yameongezeka zaidi ya kina, uchimbaji umeongezeka zaidi ya maji.

Yapata saa tisa alasiri South Fork likaachia. Ziwa lilikuwa na zaidi ya mita za ujazo milioni 14, na lilikaa mita 137 juu ya mji. Umbali wa bondeni ni kilomita 22 na ushei. Njiani daraja la mawe la reli lilizibwa na magogo na kugeuka bwawa jipya kwa dakika chache, kisha nalo likaachia, na wimbi likapata nguvu mara ya pili. Saa kumi na dakika saba lilifika Johnstown likiwa limebeba nyumba, mabehewa, waya na miti. Familia 99 ziliisha zote. Hakuna kesi hata moja dhidi ya klabu iliyofanikiwa mahakamani.

Wahandisi wa Marekani waliochunguza walitoa ripoti mwaka 1891 wakisema bwawa lingevunjika hata kama lisingebadilishwa. Watafiti wa karne hii walifanya hesabu upya na kufikia jibu jingine: lingekuwa na kimo chake cha kwanza pamoja na mabomba na utoro wake, lingeweza kuhimili mvua ile. Nimesoma hoja za pande zote na naegemea hawa wa pili. Ile hesabu ya asilimia 40 haitaki kompyuta.

Kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo la shamba binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilibomoka katika masika makali na kuua zaidi ya watu 40 waliokuwa majumbani mwao. Septemba 2023 mabwawa mawili ya Derna, Libya, yalizidiwa na mvua ya kimbunga usiku mmoja, na maelfu wakafa.

Mtu akishtuka baada ya kusoma haya asikimbilie kulifungulia bwawa lake lote siku moja. Hilo nalo ni hatari, na sababu yake tunayo tayari. Tuta limelowa ndani. Ziwa likiwepo, maji ya nje yanauegemea ubavu wa ndani na kuushikilia. Ukiyaondoa haraka, maji yaliyomo ndani ya mfinyanzi yanabaki, kwa kuwa mfinyanzi hauachii maji upesi. Ubavu unabaki mzito, umelowa, hauna wa kuuegemea, nao huteleza kuingia ziwani. Bwawa hushushwa polepole, sentimita chache kwa siku, ili jasho la ndani lipate muda wa kufuata.

Nikitembelea hoteli yenye bwawa la mashua siku hizi, siendi kwanza kwenye gati. Naenda nyuma ya tuta. Natafuta utoro na kuangalia kama kuna mtu ameujengea banda la nyama choma au kuutilia wavu. Naangalia kileleni kama pamenyooka au pamebonyea. Naangalia miti. Kisha nashuka chini penye majani mabichi na kutafuta maji, na nikiyapata nakinga kwenye chupa yangu ya kunywea. Mhudumu mmoja aliwahi kuniuliza kama nina kiu.

Mabega mawili ya bwawa la South Fork bado yapo, yamehifadhiwa na serikali ya Marekani kama kumbukumbu. Unaweza kusimama juu ya moja na kulitazama la pili ng'ambo ya pengo. Ziwa ni bonde la majani, barabara kuu inapita sakafuni mwake, na jumba la klabu bado limesimama kando ya maji yasiyokuwepo. Chini ya pengo kinapita kijito chembamba, chenye maji meupe.